Mababu Niliowaokota Barabarani

Aibu niliyopata leo ni nyingi mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo nawagawia. Ni mimi Liban, Gredi ya Sita, Garissa. Natumia simu ya mama (yuko jikoni, hajaniruhusu wala hajanikataza). Naandika Kiswahili kwa sababu nyie mabinamu wa Nairobi Kisomali mnakisikia nusu, na haya nataka myasikie yote.

Muhula huu masomo yalikuwa yananiendea vizuri. Wiki iliyopita tulichora Mto Tana, nikautia rangi na viboko wawili, na Madam Mutheu akanipa nne. Nne ni kuzidi matarajio. Nilitembea shingo juu mpaka mama akaniuliza kama nimelala vibaya. Kwenye sayansi tukatengeneza chujio la maji kwa mchanga na mkaa. La kundi letu lilitoa maji machafu kuliko yaliyoingia, lakini hayo tuyaache.

Balaa ilianza tulipofika kwenye somo la ukoo. Madam Mutheu, ambaye kwao ni Machakos, alisema kila mtu atasimama ataje baba, babu, baba wa babu, mpaka atakapofika, na wazazi wanakaribishwa kusikiliza. Akasema wanne watatosha. "Mimi mwenyewe nikifika wa tatu inabidi nimpigie mama simu," akasema. Darasa zima lilimwonea huruma. Fardosa, anayekaa mbele yangu, akamwambia kwa upole, "Madam, hapa kwetu wanne ni wa mtoto wa chekechea."

Ni kweli. Sisi tuna abtirsi, orodha ya mababu ambayo mtoto huikariri kabla hajajua kusoma. Ukikutana na mzee malishoni hakuulizi unakaa wapi. Anakuuliza wewe ni wa nani, nawe unamwaga majina mpaka afikie analolijua. Usipoyajua, utaangaliwa kama mbuzi asiye na alama.

Na mimi sikuyajua.

Ayeeyo, bibi yetu mzaa baba, yuko kwetu kutoka Masalani tangu mwezi uliopita. Kila jioni ananikalisha mkekani. Yeye anataja jina, mimi nataja nyuma yake. Shida ni kwamba nilikuwa nimegundua njia. Ukisubiri aanze jina, ukamalizia mkia wake kwa sauti kubwa, inasikika kama mmetaja pamoja. Yeye "Sama...", mimi "...tar!" Huku jicho moja liko kwenye mchezo wa simu. Ayeeyo akafurahi, akamwambia kila jirani kwamba mjukuu wake ana kichwa cha babu yake. Mimi nikaacha iwe hivyo.

Leo asubuhi nikaamka na tumbo la kuuma. La uongo, lakini ilipofika saa ya chai likawa la kweli. Mama akanipa maji ya ndimu na begi.

Ni siku ya soko la mifugo, kwa hiyo wazazi karibu wote wako huko. Nikajipa moyo kwamba hakuna atakayekuja. Nikainua kichwa, nani huyo mlangoni? Ayeeyo. Shali mpya, tasbihi mkononi, ananukia uvumba mpaka dawati la nyuma. Madam akampa kiti chake mwenyewe.

"Mwalimu, salaam aleikum," akasema Ayeeyo. "Hii Liban mimi nimefundisha. Yote iko kwa kichwa. Wewe sikiza tu, utaona fizuri."

Halafu akatoa simu yake ndogo ya vibonyezo, akampigia baba, ambaye anafanya kazi Kutulo, kule Mandera. Akaweka sauti ya nje. Akamwambia asikate, mwanawe anasimama sasa hivi. Nikaomba ruhusa kwenda msalani. Madam akasema nitaenda nikishamaliza.

Fardosa alinitangulia. Akavuta pumzi, akateremka majina bila kituo mpaka sikuweza kuhesabu, akaketi kama mtu aliyekunywa maji tu. Ayeeyo akamwombea dua. Kisha akanigeukia na kutikisa kichwa, zamu yako. Niliona jinsi alivyotulia kwenye kile kiti, na hapo ndipo nikaogopa kweli. Nikianguka, siangushi alama ya mtihani. Namwangusha yeye mbele ya watu aliowaambia.

"Mimi ni Liban," nikaanza. "Abdirahman. Hassan. Guled."

Baada ya Guled hakukuwa na mtu. Nilijaribu kuusikia mkia wa jina, "...tar", lakini mkia bila kichwa haukusaidii kitu. Nikafumba macho, na kitu pekee nilichokiona ni barabara ninayopita kila asubuhi kuja shule, na maduka yake, na majina juu ya milango.

Mungu anisamehe.

"Hirsi," nikasema. (Vifaa vya ujenzi.)

Tasbihi ya Ayeeyo ikasimama.

"Bulale." (Nyama ya ngamia na mbuzi.)

Mgongo wa Fardosa ulianza kutetemeka. Nikataka kuishia hapo, wallahi nilitaka. Lakini Madam Mutheu alikuwa anahesabu kwa vidole, uso umemng'aa. "Umeshapita wanne! Vizuri sana, Liban, endelea."

"Gedi." (Kutengeneza simu.) "Diriye." (Maji baridi, barafu, soda.)

"Endelea, endelea."

Barabara ilikuwa inakwisha. Baada ya Diriye kuna kona, na baada ya kona kuna mlango wa rangi ya waridi. Mdomo ulifika kabla yangu.

"Sahra."

Nyie mnajua abtirsi ni ya wanaume watupu, baba kwa baba mpaka mwanzo. Kutaja mwanamke pale katikati ni jambo ambalo halijapata kutokea tangu Garissa iwe Garissa. Darasa lilinyamaza hivi kwamba nilisikia mbuzi nje akitafuna karatasi. Na katika kimya hicho, kutoka kwenye ile simu, kutoka Kutulo huko mbali, ikaja sauti ya baba.

"Sahra ni nani?"

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Kuna mtu alianguka na dawati. Fardosa akainua mkono kwa adabu zote, machozi yanamtoka. "Madam, Sahra ni wa saluni. Hunipaka hina Idi. Na Bulale ni msee wa bucha." Madam alijificha nyuma ya ramani yangu ya Mto Tana, ile iliyopata nne, nikaona mabega yake yanacheka.

Ayeeyo hakucheka. Aliiambia simu, "Abdirahman, kata." Akasimama, akajifunga shali. "Mwalimu, samahani. Mimi nimefundisha, lakini yeye hakuwa hapo." Akaniomba kwa Madam kabla ya kengele, na Madam (msaliti) akanitoa.

Nilitarajia kofi. Afadhali ningepata kofi. Ayeeyo alinishika mkono na kunipitisha barabara ileile, na kila duka akasimama.

"Hirsi, habari ya kazi? Huyu ni kilembwe chako. Anakutaja shuleni."

Hirsi alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama nimekuja kuchukua urithi, kwa sababu wanawe wameshamaliza kila kitu isipokuwa misumari. Bulale akasema ukoo wake haujawahi kuwa na mtu mwembamba hivi. Gedi hakuwepo, Ayeeyo akamwachia salamu kwa kijana wake. Diriye alinipa maji baridi na kunipa pole, na hiyo pole iliniuma kuliko yote.

Nilimwomba Ayeeyo tusifike kwenye kona. Tulifika. Wanawake watano walikuwa ndani, mikono mibichi ya hina.

"Mimi hata sijaolewa," Sahra akasema alipoelezwa, "na tayari nina mjukuu wa mjukuu, tena wa kiume, tena hajachana nywele."

Vile vicheko nitavisikia mpaka sekondari.

Nyumbani Ayeeyo aliketi mkekani akavua viatu. Nikasimama mlangoni, tayari kukimbia. Hakupaza sauti. Alisema, "Liban, yale majina si ya baba zangu. Baba zangu mimi ni wengine. Nilipoolewa na babu yako Hassan nilikariri wa kwake, ili watoto wangu wasije wakakosa. Nimewabeba miaka yote hii watu ambao si wangu. Nawe, walio wako, umewabadilisha na muuza nyama."

Kule darasani niliogopa kuchekwa. Hapa niliogopa kwamba atalia, na akilia sijui ningefanyaje. Nikaketi, simu nikaiacha mbali. "Baada ya Guled ni nani?" nikamuuliza.

"Samatar," akasema, na safari hii alisubiri mpaka nilitaje lote, mwanzo na mwisho. Kisha Roble. Kisha wengine. Tulirudia mpaka sauti ikanikauka.

Nilipomaliza peke yangu bila kukosea alinipapasa kichwa, nikadhani yamekwisha. Ndipo akauliza, "Na wale wenzako wa Nairobi, wanajua?"

Nilikaa kimya. Ayeeyo si mjinga, anajua kimya kina maana gani.

Kwa hiyo chekeni kidogokidogo. Nimeshampa namba zenu zote, na swala ya Isha ikiisha anaanza kupiga.