Seva Iliyofunikwa Blanketi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na wazo. Ile kompyuta kuukuu waliyotaka kuitupa ofisini nitaigeuza seva ya nyumbani. Yaani mashine moja, haizimwi, simu zote na televisheni zinachota humo. Picha, filamu, muziki, masomo ya mke wangu mwalimu, kamera ya getini. Kazi tano! Mke akauliza kama nimewahi kufanya hivyo. Nikamjibu nimesoma kurasa kumi na mbili. Akaendelea kusahihisha madaftari.

Jumanne, 4 Machi
Imewaka. Shemeji, kaka wa mke wangu, alipita. Ni fundi wa friji, basi anadhani kila chenye feni ni chake. Akasema mashine inapumua kwa shida, nianze na kazi moja kwanza. Wivu huo. Nimeanza na zote tano.

Jumatano, 5 Machi
Kazi ya heshima leo. Jumapili mama mkwe anakuja kutazama picha na video za marehemu baba mkwe, mara ya kwanza tangu msiba. Nimezihamishia zote kwenye seva, kisha nikazifuta kwenye simu ya mke wangu ili kuokoa nafasi. Mke akashika kichwa, akauliza zikipotea je. Nikamtuliza: nimeweka nakala mbili. Zote kwenye diski ileile, zisije zikatengana. Shemeji akaomba ajinakilie kwenye flashi yake. Nikamruhusu. Maskini, hajui teknolojia.

Ijumaa, 7 Machi
Feni inanguruma, mke hasikii taarifa ya habari. Nimeisukumia seva kabatini na kuifunika blanketi mbili. Kimya kabisa. Najipongeza.

Jumamosi, 8 Machi
Kimya mno. Blanketi zina moto wa kunyooshea shati. Diski imekufa pamoja na nakala zote mbili. Mke hakufoka, angefoka ningepata nafuu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, akasema kicheko cha baba yake kilikuwa kwenye video moja tu. Nimeona aibu, kweli kabisa. Naandika hapa nisije nikasahau.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja na flashi yake nyekundu, kaichomeka nyuma ya televisheni. Picha zote zimo. Video imo. Mzee akacheka pale sebuleni kama yuko hai. Mama mkwe akalia, akacheka, akamshika shemeji mkono, akasema huyu ndiye mwenye akili. Mimi niliambiwa nilete viti. Baadaye mke akatangaza jambo refu kuhusu ile flashi, sijui ndiyo pekee iliyobaki, sijui isiguswe. Nikaitikia. Nilikuwa nasoma habari za diski mpya.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeazima diski nyingine kazini. Kosa nimeligundua: blanketi mbili zilizidi, moja inatosha. Mke yuko shuleni, nafanya kazi kwa raha. Ili kuanza upya nahitaji flashi tupu ya kuwekea programu ya seva. Nimepekua droo zote, hakuna. Kumbe shemeji kaisahau yake nyuma ya televisheni. Huyo ndiye mwenye akili! Mashine ikauliza kama nina hakika ifute kila kitu. Ikauliza tena. Nikabonyeza ndiyo, mara zote mbili.

Mke kapiga simu. Mama mkwe anarudi jioni, anataka kumsikia mzee tena. Nimemwambia asimsumbue shemeji, safari hii niachiwe mimi.