Kisahani Laini cha Mama Mkwe Kifungiwe

Mwalimu Danstan Ndikuriyo,
Kata ya Mbuba, Ngara.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Gofu ya Visahani, Bukiriro.

Ndugu Mwenyekiti Uwimana,

Natumaini hujambo, na vikapu vya minyororo ulivyotusimamishia tuvilenge kwa visahani navyo havijambo. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu ni hizi.

Jumapili baada ya misa ulituagiza kila mmoja achague kisahani cha kumalizia, kile cha kurushia karibu na kikapu, kinachopatana na mkono wake. Nikachagua. Tangu hapo sina amani.

1. Nilichukua kile kigumu chekundu, kwa kuwa nilipokigonga kililia kama sinia. Ukaniambia, "Mwalimu, wewe unarusha kwa nguvu, hicho kitadunda. Jaribu laini." Nikajibu kuwa laini ni uji wa mgonjwa. Ukaniachia nikichukue. Kiongozi hakati tamaa mapema namna ile.

2. Mama mkwe wangu, Bibi Selestina, miaka sitini na saba, alikuja kunitazama tu. Akavibinyabinya visahani vyote kama anayechagua parachichi, akachukua laini. Akasimama hatua kumi, akarusha kama anayepeta maharage. Minyororo ikakimeza. Changu kikagonga minyororo hiyohiyo, kikarukia migombani. Minyororo hiyo ina upendeleo.

3. Mkwe hashindani na mama mkwe. Nikimshinda, nimemvunjia heshima. Nikishindwa, mke wangu Ineza anacheka mpaka anashika ukuta. Hadi leo ameshika kuta zote nne za nyumba yetu, na jiko.

4. Atakayeongoza mchujo wetu wa Jumamosi ndiye atakayetuwakilisha dhidi ya Nyamahanga, kule Biharamulo. Watu wa Biharamulo watasemaje wakiona tumepeleka bibi, na mwalimu wa hesabu amebaki akishangilia?

Kwa hiyo naomba visahani laini vifungiwe. Ikishindikana, kikapu kisogezwe hatua sita karibu nami, yeye abaki alipo. Likishindikana hata hilo, Nyamahanga ihamishiwe mkoa mwingine.

Wasalimie wanachama wote, na mzee Bizimana anayetufyekea uwanja umpe shikamoo yangu.

Wako katika michezo na mateso,
Danstan Ndikuriyo

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika, mama mkwe alinikuta nyuma ya nyumba nikirusha kwenye tenga. Hakucheka. Alinipa kisahani chake akasema, "Mwanangu, usikikabe. Kiache kiende." Nimerusha mara kumi, kimeingia mara tisa. Tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya nne, na unihifadhie laini kimoja, rangi yoyote. Yeye ndiye astahiliye kwenda Nyamahanga. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, maana anakuja huko. Nimemwambia ni ya salamu tu. Ameomba nimwazime miwani.