Ukweni na Gundi ya Maganda ya Kahawa

Gharama ya leo: nusu ya ndevu zangu. Nimezihesabu mbele ya kioo, mara mbili. Ni nusu kweli.

Nilipanda Kibosho kwa kina Aikande, mchumba wangu. Baba yake alikuwa anipe jibu la posa. Nikaambiwa mzee bado anakata majani ya ng'ombe. Aikande yuko na kopo lake la gundi. Yeye anasomea kemia. Mimi nauza viatu vya mtumba Moshi mjini, kwa hiyo gundi inanihusu.

"Vimeng'enya vya uyoga," akanieleza, "vinaunganisha vipande vidogo vya maganda ya kahawa, kimoja kimoja, mpaka vinakuwa polima, mnyororo mrefu. Hakuna sumu, hakuna kuchemsha. Inataka hewa tu."

"Bei?"

"Siuzi. Haijawahi kushika hata siku moja."

"Basi nipunguzie kabla haijashika."

Akacheka, akaenda kumenya ndizi na mama yake. Nikachovya kiganja ndani ya kopo. (Mnunuzi lazima aguse.) Maji matupu!

Nikakaa kwenye benchi nje. Jamani, kahawa imechanua! Ukungu unashuka taratibu, maua yananukia, ng'ombe anacheua. Nikaegemeza shavu kiganjani, nikaelea. Nikamwona Aikande na shela. Nikaona duka la gundi, milango miwili. Nikaona watoto wetu wanakimbia ndani ya ukungu, wote wamevaa viatu. Hata baridi sikuisikia.

"Wewe kijana!"

Mzee huyo mbele yangu. Nikaruka. Mkono haukuruka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna, baba."

"Mbona umeshika tama kwangu? Umekuja kuposa au kuzika? Toa mkono!"

"Hautoki, baba."

Mama yake Aikande alisikia "amefariki" tu. Akatoka na kisu cha ndizi, analia: "Yesuuu! Pole mwanangu!" Jirani akakipokea kilio ng'ambo ya migomba.

Aikande akaja mbio. Akauvuta mkono, nikapiga yowe. Macho yakamng'aa.

"Imeshika! Mama, imeshika!"

(Huyo ndiye mchumba.)

Mkasi ukaletwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyenikata, polepole, uso mkavu, mabega yanatikisika.

"Jibu utalipata Jumapili," akasema. "Uje na uso mzima."

Sasa shavu moja lina upara, kiganja kina ndevu. Nishaurini, na asicheke mtu: huu upande uliobaki niunyoe, au nimwombe Aikande kopo nizirudishe hizi za kiganjani?