Siku Mama Odilia Alipoliondoa Benchi Kwenye Kompyuta ya Parokia

"Hivi mama Odilia, ni kweli wanavyosema watu, kwamba wewe ndiye unayeiroga kompyuta ya parokia?"

Ndivyo alivyouliza jirani yake Tumwagile, Jumatatu, pale bombani, mbele ya ndoo kumi na tatu na wenye ndoo zao. Nanyi mnaosikia, sogeeni! Ninyi wa Malolo wenye vitunguu, ninyi wa Kimamba wenye baiskeli, ninyi wa Tindiga mliotoka kupalilia mpunga, zimeni redio, epueni sufuria, kwa maana habari hii ni nzito, haisimuliwi kwa mtu anayechungulia ugali. Ee Mungu, mtie nguvu anayeisimulia, kwani walioanguka katika vita ile ni wengi, na karibu wote walikuwa karatasi.

Zilikuwa zama za soko huria, mwaka wa kumi na moja wa karne hii, kompyuta zilizochoka Ulaya zilipokuwa zikija kupumzikia kwetu. Moja ilifika parokiani Mikumi, ikasimikwa chumba cha mbele. Printa ikakaa chumba cha nyuma, kwa Paroko. Na katikati yao kikawekwa kisanduku cha taa nne kiitwacho rauta, tarishi wa kupeleka maneno huku na huku.

Sasa, kompyuta ile kwenye ukurasa wake wa mipangilio ya mtandao ilikuwa na picha ya nyumba. Ikionyesha nyumba, ilijua iko kwao, ikaongea na printa kama mtu na ndugu yake. Lakini asubuhi nyingine, pasipo mkono wa mwanadamu, nyumba ilitoweka, pakatokea benchi, kama lile la stendi ya mabasi. Na ikishajiona iko stendi kati ya wageni, ilijifunga shuka gubigubi, ikawa haiijui printa wala haimjui Paroko.

Theodory karani, Mwenye Cheti cha Morogoro, aliirudisha nyumba mara tano. Mara tano benchi likarudi.

"Baba Paroko," akanena, mkono kifuani, "mimi nimesomea mambo haya miezi sita! Mashine haijibadilishi yenyewe. Kuna kitambaa cha vumbi kinachopita juu ya vitufe kila asubuhi, na kitambaa kile kina mwenyewe."

Padri Damiano alikuwa mtu wa amani, lakini Jumapili mbili mfululizo alikuwa amesoma matangazo aliyoyaandika kwa mkono nyuma ya mfuko wa sukari.

"Mama Odilia," akasema, "benchi likionekana tena wiki hii, Ijumaa utanirudishia ufunguo wa ofisi."

Ufunguo ule Odilia binti Kasian, Mwenye Ufagio, Mjane Asiyepepesa Jicho, aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kabla yake ulivaliwa na marehemu mumewe, Lukasi, katekista wa miaka ishirini na miwili. Katika vyote alivyoviacha Lukasi, ufunguo peke yake ndio uliokuwa bado na kazi.

Odilia akaanza kwa kujipima mwenyewe. Kitambaa alikiacha nyumbani. Vumbi likatua juu ya vitufe hata ungeweza kuandika jina, na bado Jumatano benchi likatokea. Basi kitambaa hakina kesi, akawaza. Akashika ufagio, akafagia polepole kuliko kawaida yake, akatazama.

Ijumaa ikafika, siku ya hukumu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina, mama. Umeuleta?"

"Upo shingoni. Ila kwanza nina neno na huyu mwanangu. Theodory, ukija kwangu asubuhi ukanipa shikamoo, nami ningali nimelala fofofo, utaitikiwa?"

"Sitaitikiwa, mama. Lakini shikamoo na mtandao wapi na wapi?"

"Usipoitikiwa, utajua umefika kwa mama yako?"

"Nitajuaje? Si nitaona nimekosea nyumba."

"Basi na huyu ndivyo anavyoona," akasema Odilia, akiielekezea kompyuta mpini wa ufagio kama mkuki. "Kwako hakuna umeme. Simu ikizima, ukifika hapa unachomoa rauta, unachomeka chaja yako mahali pake, ndipo unawasha kompyuta. Mtoto huyu anaamka, anasalimu, mkubwa wake rauta kalala. Chaji ikijaa unairudisha rauta kimya kimya, lakini mwenzako ameshaamua yuko stendi. Jumatatu simu ilikuwa na chaji, ikawa nyumba. Jumanne benchi. Jumatano benchi. Jana nyumba. Leo simu iko wapi?"

Macho yote yakaenda ukutani. Simu ilikuwa pale, inachaji.

"Ni dakika ishirini tu!" akalia Theodory.

"Zima vyote," akaamuru mjane, na majemadari wawili wakatii. "Mwamsheni mkubwa kwanza."

Chaja ikatolewa, rauta ikachomekwa. Odilia akashika rozari, akaanzisha Salamu Maria, Padri akaitikia, Theodory naye akaitikia kwa shingo upande. Ya tatu, taa moja ikawaka. Ya saba, tatu. Ya kumi, zote nne zikasimama imara kama askari mbele ya bendera.

"Sasa mtoto."

Kompyuta ikafunguka, ikapepesa, ikatafuta. Nyumba!

"Fanya kinyume tuone," akasema Padri. Wakafanya kinyume. Benchi! Wakarudia kama mwanzo, na Salamu Maria kumi nyingine. Nyumba! Na kutoka chumba cha nyuma printa ikakohoa, ikanguruma, ikatema matangazo ya Jumapili, nakala arobaini, bila kupotea hata moja.

Padri Damiano akakifungua kitabu cha matukio ya parokia, na chini ya mstari wa ziara ya Askofu akaandika kwa wino mweusi: Leo Mama Odilia ameliondoa benchi. Kisha akasema, "Ufunguo ubaki ulipo, mama. Na kitambaa kirudi. Vumbi hili ni aibu."

Odilia akaiokota chaja, akauviringa waya wake taratibu, akamnyooshea karani.

"Kwangu umeme upo, mwanangu. Pitia asubuhi uchaji. Ila upige hodi kwanza, niamke."

Theodory akaipokea, akaitazama ile nyumba kwenye kioo, akatoka.