Kamba ya Mecho na Korongo wa Mbao

Ijumaa, 1 Machi
Mbwa wangu Mecho amenivuta tena. Kutoka langoni kwetu hadi kwenye banda la kuku la jirani yangu Spas, na kamba ya kuanikia nguo imenichuna kiganja. Kuku mmoja amekufa, nadhani kwa hofu. Mke wangu Tsonka ametoa hukumu: mbwa huyu akitoroka mara moja tu zaidi, anapelekwa mlimani kwa kaka yake Stamen akalinde kondoo, na harudi. Nimeumia sana. Mecho ana kilo sitini na mbili, na ndiye pekee humu ndani anayenisikiliza hadi mwisho.

Jioni Spas alikuja kunifunga martenitsa mkononi, maana leo ndiyo siku yake: uzi mwekundu na mweupe, usivuliwe hadi nimwone korongo wa kwanza wa mwaka, la sivyo ni mkosi. Huku akifunga alinishauri. "Jirani, nenda kwa Ignat fundi ngozi. Achana na kamba za nguo, utabaki bila vidole." Mtu aliyefiwa na kuku asubuhi hana haki ya kuwa mpole hivyo.

Jumamosi, 2 Machi
Nimekwenda kwa Ignat. Kwa hiari yangu. Alipima kiganja changu, akauliza uzito wa mbwa. Mnyororo unaumiza mikono, alisema, kamba nyembamba inakata, na inayovutika ni balaa. Ninachohitaji, kwa maneno yake, ni ngozi pana vidole viwili, urefu mita mbili, mshikio ulioshonewa kitambaa laini ndani, kulabu nzito isiyofunguka ovyo. Nilikuwa nimeshakubali. Kisha akaongeza kwamba kamba kama hiyo ndiyo aliyomshonea Spas. Nikaaga.

Jumapili, 3 Machi
Nimepata! Juu ya mlango wa ukumbi wa kijiji inaning'inia martenitsa kubwa ya sufu waliyoisokota akina mama wa kwaya. Nene kama kifundo cha mkono, na laini. Nikamwambia Vesela, mkuu wao, kwamba Mecho anahitaji baraka. Alilia. Waliifunga wenyewe kwenye mkanda wa shingo wa Mecho, mafundo matano, wakiimba.

Jumamosi, 9 Machi
Kwa starehe, sina malalamiko. Ila sufu inavutika. Ilikuwa mita mbili, sasa ni tano, na Mecho hufika mahali kabla yangu. Juzi mvua ilinyesha, rangi ikachuja, sasa kifua chake ni cha rangi ya waridi. Leo Tsonka ameweka mezani kamba ya ngozi, kaninunulia kwa Ignat. Nimeishika kidogo. Ni nzuri, na hilo linaniudhi.

Nilipoanza kulegeza fundo la kwanza, Vesela alikuwa mlangoni. "Mzee Rangel, korongo umemwona wapi wewe? Unamtakia mbwa mkosi?" Kumbe hata ya mbwa haivuliwi kabla ya korongo. Nimejinasa mwenyewe.

Jumapili, 17 Machi
Nimetengeneza korongo. Mbao, miguu ya fimbo za nyanya, mdomo wa rangi iliyobaki ya baiskeli. Yuko juu ya bomba letu la moshi. Kesho nitaita mashahidi, Mecho atamwona, martenitsa itavuliwa kihalali. Kisha nitatumia ngozi ya Ignat na kumwambia Spas imetoka mjini Sofia.

Jumatatu, 18 Machi
Akina mama walikuja, na Spas nyuma yao. Nilijizungushia sufu kiunoni mara tatu ili mikono ibaki huru. Nikaonyesha juu. Vesela alikaza macho, akasema korongo huyo mbona hapepesi jicho. Papo hapo akatua korongo wa kweli kando ya yule wangu, wa kwanza mwaka huu, akaanza kumgongagonga mdomo. Mecho alimwona. Alimwona vizuri mno.

Korongo aliruka kuelekea uani kwa Spas. Mecho alimfuata. Mimi pia. Uzio haukutuchelewesha. Tulikomea kwenye mti wa plamu wa Spas, uliochanua juzi, sufu ikiwa imeuzunguka mara nne na mimi ndani yake. Akina mama wakapiga makofi. Ukishamwona korongo, martenitsa hufungwa kwenye mti uliochanua, nasi tulikuwa tumetimiza yote.

Nilimweleza Tsonka kwamba Mecho hakutoroka, kwa sababu muda wote alikuwa amefungwa kwangu. Akasema ni kweli, tumetoroka wote wawili, basi tutakwenda wote wawili.

Jumatatu, 25 Machi, mlimani
Mecho analala katikati ya kondoo, ana furaha kunishinda. Mimi namkumbuka Tsonka. Amesema turudi siku nitakayomshusha Mecho hadi langoni kwa kamba ya Ignat bila kuanguka. Kamba ninayo. Spas ameipaka mafuta mwenyewe na kuweka karatasi: "Ni imara, jirani. Rudini salama." Kejeli tupu. Kamba nimeitumia kuning'iniza jibini.

Stamen ana magunia saba ya sufu. Nimeanza kusokota, safari hii nyuzi nne badala ya tatu, haitavutika. Ncha moja nimeshamfunga Mecho ili tujaribu. Sijamwona tangu mchana, lakini sufu bado inatoka guniani.