Chepkong' Ndani ya Kabuti

Jumanne, 6 Mei 2025
Koleji wamebandika ratiba kwa geti. Konsati kwa holi kila Ijumaa saa nane mchana. Piano. Kwaya. Violini ya mjukuu wangu Jerop. Mimi? Sipo! Mimi Kipngetich, mpigaji chepkong', kinubi chetu cha Kikalenjin, nambari moja kutoka Eldoret mpaka Moi's Bridge! Hiyo holi naijua kabla yao. Ilikuwa ya sherehe za wakulima. Mwaka wa sabini na nne, mavuno yakiisha, nilipiga nyuzi zangu sita mpaka msichana wa Cheptiret akavua viatu, akaviweka dirishani, akacheza. Huyo ndiye Naomi. Tulikaa miaka arobaini na saba. Hiyo wimbo sijaipiga tangu tumzike. Nataka kuipiga pale pale. Mara moja tu.
Lynette, mwalimu wa muziki, amesema pole Mzee, jukwaa ni la wanafunzi. Wanafunzi!

Jumatano, 7 Mei
Gichuru wa duka kule Langas amecheka mpaka akashika kaunta. Eti mimi na chepkong' yangu tupelekwe makumbusho. Zamani alikuwa mpiga gitaa wetu. Alikuwa anapiga kama mtu anachambua maharagwe. Ni uchungu tu, Naomi alinichagua mimi.
Lakini nimepata njia! Ratiba, nambari moja: Maombi. Kuna shughuli gani huku huanza bila mzee kuomba? Nimemwambia Lynette niko tayari. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Maskini. Nitaomba kidogo, niseme Amina, nitoe chepkong' kwa kabuti kabla hawajafungua macho.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua! Imeninyeshea mpaka mlangoni. Ngozi ya chepkong' ikilowa inalegea, inataka moto. Moto hakuna. Nikaamua kuomba mrefu, joto ya tumbo iikaushe. Nikaombea walimu. Nikaombea mahindi. Nikaombea mbolea ifike mapema. Nikaombea wakimbiaji wetu wote, wa mbio ndefu na fupi. Nilikuwa nimefika kwa ng'ombe za majirani, Gichuru akapaza sauti kutoka nyuma: Amina! Holi nzima: Amina!
Nikaitoa hivyo hivyo. Nikapiga. Chura! Chura ndani ya debe! Wakacheka. Lynette akasema polepole, Mzee, tafadhali, keti. Nikaangalia lile dirisha la viatu. Mikono ikakataa kupiga tena.
Ndio Jerop akasimama na violini. Akaipiga. Hiyo wimbo! Kumbe nyanya yake alikuwa anamwimbia wakikamua ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Gichuru alivua kofia. Mimi niliingiwa na vumbi kwa jicho. Ndiyo, vumbi, hata na hiyo mvua.

Jumamosi, 10 Mei
Jerop ameniletea chai. Akaniita kugo, yaani babu, akasema wimbo imepigwa pale pale, sasa pumzika. Nikakubali. Nimetosheka kabisa.
Ila kwa ile wimbo violini yake ilikosea mahali pawili. Anayejua ni mimi peke yangu.
Nimesoma ratiba ya Ijumaa ijayo. Nambari ya mwisho: Neno la shukrani. Nani hushukuru? Mzee! Mimi Lynette hawezi kunikubali tena. Lakini Gichuru, Lynette hamjui; ashukuru yeye. Nimempigia simu. Akauliza kama gitaa inaweza kuingia kwa kabuti.
Jerop anasema tukienda nibebe mwavuli. Ya nini? Haiwezi kunyesha Ijumaa mbili mfululizo.