Waraka wa Mate na Miwani ya Kuzamia

Mamlaka yetu ya Maji ina furaha kuutangazia umma kwamba ukungu kwenye miwani ya kuzamia umekomeshwa. Kazi hiyo ilichukua vikao kumi na vinne. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, na waraka niliuandika kwa mkono wangu, kwa hiyo lawama nitazipokea nikiwa nimekaa.

Chanzo kilikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzamiaji pekee tuliye naye. Kila Jumatatu hushuka bwawani na mtungi wa hewa mgongoni, akaondoa magugu na mifuko kwenye chujio la bomba kuu. Kabla ya kushuka hutema mate ndani ya miwani, husugua kioo kwa kidole, husuuza mara moja, huvaa. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Siku moja Mkurugenzi alipita, akaona. Akaniuliza kama kanuni zinaruhusu mtumishi kutemea mate mali ya umma. Nilizipekua siku tatu. Hazikuruhusu. Hazikukataza pia, lakini hilo sikulisema, maana hakuniuliza.

Shemeji akatakiwa ajieleze kwa barua. Alijieleza kwa mstari mmoja: pumzi ni ya moto, kioo ni cha baridi, bila mate kinapata ukungu na sioni.

Kamati haikupuuza. Tulichukua miwani ileile, tukaivaa kwa zamu katika chumba cha mikutano, kila mjumbe dakika tano, pua zimebanwa, tukitumbuliana macho kama vyura. Hatukuona ukungu wowote. Hakuna aliyekumbuka kwamba chumbani hamkuwa na maji zaidi ya yale ya chupa za wajumbe. Mimi nilikuwa na chupa mbili, na sikukumbuka. Tukaandika kwamba ukungu haupo, mzamiaji ana tabia tu, na afukuzwe kazi.

Nyumbani mke wangu aliacha kuniita baba watoto, akaanza kuniita Katibu. Kaka yake alipokuja hakugomba. Alinitazama kwa huruma.

"Shemeji," akasema, "umeandika kurasa thelathini za kuzamia bila kulowa hata soksi. Hicho ni kipaji."

Siku ya kusikilizwa shauri lake aliomba jambo moja tu, wakubwa waje bwawani waone. Mkurugenzi, ambaye aliwahi kujifunza kuogelea hotelini, akasema atashuka mwenyewe na miwani mikavu, asome namba iliyochongwa kwenye chujio, na faili lifungwe hapohapo. Watumishi wote waliitwa washuhudie, hadi madereva na wafagiaji.

Akashuka, shemeji kamshika mkono. Baada ya dakika mbili alirudi juu na kutangaza kwamba maji ya siku hiyo ni machafu mno. Sisi tuliokuwa ukingoni tulikuwa tunaona kokoto za chini.

Mkurugenzi ni mtu wa kujifunza. Alitugeuzia mgongo, akaivua miwani, akajaribu kutema. Hakikutoka kitu. Hofu ilikuwa imemkausha mdomo. Akajaribu tena, kwa sauti, na wafagiaji wakainamisha vichwa kwa heshima. Namba alikwisha kuiahidi mbele ya watu wote. Hatimaye alimsogelea shemeji na kumnong'oneza, lakini maji hubeba sauti.

"Kijana wangu, hebu nitemee kidogo."

Shemeji ana miaka hamsini na miwili. Alifikiri taratibu.

"Samahani, mkuu. Mimi nina kesi ya mate. Nikitema bila maandishi, nitakuwa nimerudia kosa."

Watu wote wakanigeukia mimi. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, barua ya kumfukuza shemeji, iliyokuwa ikisubiri sahihi. Niliigeuza nyuma, nikaandika kwa hati nzuri: Mkurugenzi Mkuu anaomba mate ya mzamiaji, kiasi cha kutosha vioo viwili. Akasaini kwa mkono unaotiririka maji, na upande wa pili wino ukachuruzika mpaka jina la mfukuzwaji likafutika.

Shemeji aliipokea karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaniuliza mhuri uko wapi.

Mhuri ulikuwa ofisini, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa ametoka kidogo. Nikamweleza Mkurugenzi hivyo, kwa maneno yaleyale tunayowaambia watu kila siku dirishani. Akakaa ukingoni, miwani mkononi, akasubiri kama mwananchi yeyote.